Shinikizo la damu: Maradhi yasiyobisha hodi

SI ajabu katika maduka ya dawa, mijini na mashambani, kumsikia mteja akisema kwamba mwezi huu hahitaji tembe za shinikizo la damu kwa kuwa "presha imeshuka" na anajihisi mzima kama kigongo. Miezi michache baadaye, baadhi ya wateja wa aina hiyo hufikishwa hospitalini wakiwa wamepooza upande mmoja wa mwili, ulimi umewawia mzito, na jamaa zao wameshika tama wasijue maradhi hayo yametoka wapi ilhali jana yake mgonjwa alikuwa shambani akipalilia.

Ukweli ni kwamba hayakutoka popote. Yalikuwa humo mwilini muda wote huo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba maradhi haya hujitangaza kwa maumivu, mithili ya jino bovu au malaria, na kwamba maumivu yasipokuwapo basi ugonjwa nao umekwenda zake.

Kuna sababu ya kulizungumzia suala hili kwa uzito. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulibainisha kuwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Asilimia 56 ya watu wa umri huo walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja maishani mwao.

Miongoni mwa wale waliopatikana na tatizo hilo, ni asilimia 15.6 pekee waliokuwa wakijua kwamba wanalo. Na katika hao waliojua, asilimia 26.9 tu ndio waliokuwa wakitumia dawa, ambapo nusu yao hivi walikuwa wamefaulu kulidhibiti. Mwenye kupiga hesabu ataona kuwa katika kila wagonjwa 100, wanne pekee walikuwa wakimeza dawa, na ni wawili tu ambao dawa hizo zilikuwa zimewafikisha walikotakiwa kufika. Wale wengine 98 walikuwa wakiendelea na shughuli zao za kila siku.

Sehemu ya lawama yafaa ielekezwe kwa lugha. Katika mazungumzo ya kila siku, neno presha limebebeshwa mizigo miwili isiyohusiana. Mzazi anayedaiwa karo husema ana presha. Shabiki ambaye timu yake inashambuliwa dakika za lala salama husema presha imempanda. Na mtu ambaye mishipa yake imekuwa ikiumia kwa miaka kumi pasi na yeye kujua, naye huambiwa ana presha. Jina la ugonjwa huu kwa Kiingereza halisaidii, kwani nalo humfanya asikiaye afikirie kwamba huu ni ugonjwa wa watu wenye wasiwasi mwingi. Ndiposa wapo wanaojitetea kwamba hawawezi kuugua maradhi haya kwa sababu wao ni watu watulivu, hawana makuu na hawagombani na mtu.

Shinikizo la damu si hisia. Ni kani ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa inapopita. Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila unapojikunja husukuma damu kwa nguvu kwenye mishipa mikubwa. Shinikizo la wakati huo ndilo nambari ya kwanza, ile kubwa, ambayo mhudumu wa afya huiandika juu. Kisha moyo hulegea ili ujae damu tena, na shinikizo lililobaki mishipani katika kituo hicho kifupi ndilo nambari ya pili. Kwa hivyo anayeambiwa ana 120 kwa 80 huwa ameelezwa mambo mawili: nguvu ya damu moyo unaposukuma na nguvu yake moyo unapopumzika.

Nambari zenyewe ni milimita za zebaki. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci ndiye aliyebuni, mwaka 1896, ule mkanda wa kuzungushwa mkononi na kujazwa hewa, ukiunganishwa na mrija wa zebaki ulioonyesha ni kiasi gani cha shinikizo kinachohitajika kuusimamisha mpigo wa damu mkononi. Mwaka 1905 daktari Mrusi Nikolai Korotkov aligundua kwamba ukiweka kifaa cha kusikilizia kwenye mshipa wa mkono wakati hewa inapopunguzwa, utasikia mlio wa damu ikianza kupita, kisha mlio huo utapotea. Pale unapoanza ni nambari ya juu na pale unapotoweka ni ya chini. Hospitali nyingi zimeachana na mashine za zebaki kwa sababu ya sumu yake na kutumia za kielektroniki, lakini kipimo kimebaki kilekile.

Nchini Kenya, kama inavyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mzima huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu iwapo nambari ya kwanza ni 140 au zaidi, au ya pili ni 90 au zaidi, tena baada ya kupimwa zaidi ya siku moja. Marekani ilishusha mpaka huo hadi 130 kwa 80 mwaka 2017, hatua iliyowafanya mamilioni ya watu waliolala wakiwa wazima waamke wakiwa wagonjwa.

Tofauti hiyo isimkanganye mtu. Hakuna ukuta uliojengwa mahali fulani, kwamba aliye na 139 yu salama na mwenye 141 yumo hatarini. Ukaguzi mkubwa wa tafiti 61 zilizohusisha watu wapatao milioni moja, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 40 hadi 69, kila nambari ya juu inapoongezeka kwa 20 au ya chini kwa 10, uwezekano wa kufa kutokana na kiharusi au maradhi ya mishipa ya moyo huongezeka takriban maradufu. Ongezeko hilo lilianzia chini kabisa, kwenye 115 kwa 75. Mpaka wa 140 kwa 90 ni mahali ambapo madaktari wameafikiana kwamba faida ya kutumia dawa inashinda usumbufu wake.

Je, mbona mwili usimwonye mwenyewe? Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha matatizo mengi.

Mwili una vihisio vya shinikizo. Viko kwenye mishipa mikubwa ya shingo na kwenye ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kazi yake ni kuarifu ubongo kila shinikizo linapopanda au kushuka. Mtu anapoinuka ghafla kutoka kitandani, vihisio hivyo ndivyo vinavyohakikisha haanguki. Tatizo ni kwamba shinikizo likipanda na kukaa juu kwa muda mrefu, vihisio hivyo hulizoea. Huanza kukichukulia kile kiwango cha juu kuwa ndicho cha kawaida, na badala ya kupiga mbiu, hukilinda. Ni kama mlinzi wa usiku aliyezoea kumwona mwizi akipita hadi akaanza kumwamkua.

Hii ndiyo sababu mtu aweza kutembea na shinikizo la 180 kwa 110 na asihisi chochote. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na moyo kwenda mbio, mambo ambayo wengi huyachukulia kuwa dalili za presha, mara nyingi husababishwa na mengine kabisa: ukosefu wa usingizi, njaa, macho, homa au hofu. Kinyume chake pia ni kweli. Anayesema amejua presha yake iko sawa kwa kuwa kichwa hakimuumi hajajua lolote.

Sababu hiyohiyo hueleza kwa nini wagonjwa wapya hulalamika kwamba dawa ndizo zilizowaletea ugonjwa. Shinikizo linapoanza kushushwa, mwili uliozoea kiwango cha juu huhisi kama umenyang'anywa kitu. Kizunguzungu na uchovu katika wiki za kwanza si jambo geni, na kwa wengi hupungua. Basi mtu ambaye alikuwa mgonjwa akijihisi mzima, sasa anatibiwa akijihisi mgonjwa. Ni mtihani mgumu, na haifai kuwacheka wanaoufeli.

Madhara, nayo, hufanyika kimyakimya. Ukuta wa mshipa unaopigwa kwa nguvu kuliko ulivyoumbiwa hujikinga kwa kuwa mnene na mgumu, nafasi ya damu kupita ikawa nyembamba, na hivyo moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Msuli wa moyo wenyewe hutanuka kama wa mtu anayenyanyua vyuma, lakini tofauti na misuli ya mkono, moyo mnene haufai kitu: hushindwa kulegea vizuri na hatimaye kuchoka. Mgonjwa huanza kuhema akipanda ngazi, miguu ikamvimba na usiku akahitaji mito miwili au mitatu ili apate kupumua.

Ubongoni kuna njia mbili. Ama mshipa uliodhoofika hupasuka na damu ikamwagika, ama damu huganda kwenye mshipa uliofinyika na sehemu ya ubongo ikakosa hewa. Zote mbili huitwa kiharusi. Kuna pia vile vidonda vidogo vidogo ambavyo havimpoozi mtu siku moja, bali humla polepole, akawa msahaulifu kabla ya wakati wake.

Figo hazizungumzwi vya kutosha. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, kila kimoja kikiwa ni kifundo cha mishipa miembamba kama utando. Shinikizo likizidi, vichujio hivi hufa kimoja baada ya kingine, na vilivyobaki hubebeshwa kazi ya vilivyokufa. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wa figo zake bila kuhisi lolote. Shinikizo la juu la damu na kisukari ndivyo visababishi vikuu vya figo kufeli, na aliyefikia hapo hulazimika kusafishwa damu kwa mashine mara mbili au tatu kwa juma hadi apate figo nyingine, kama atapata. Familia zilizouza shamba na mifugo kugharamia matibabu hayo zinajua tofauti ya bei kati yake na tembe moja ya kila siku.

Historia ina mfano wa mgonjwa ambaye hakukosa pesa wala daktari. Rais Franklin D. Roosevelt wa Marekani alipopimwa mwaka 1937 alikuwa na 162 kwa 98. Kufikia 1941 ilikuwa 188 kwa 105. Daktari wake wa Ikulu hakuona sababu ya kuhofu. Machi 1944, daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimkagua akampata na 186 kwa 108 na moyo uliokwisha kuanza kulemewa. Aprili 12, 1945, akiwa Warm Springs katika jimbo la Georgia, Roosevelt alilalamika ghafla kwamba kichwa kinamuuma vikali, akazirai, na alipopimwa akapatikana na shinikizo la 300 kwa 190. Aliaga dunia siku hiyohiyo kwa kupasukwa na mshipa ubongoni, akiwa na umri wa miaka 63, vita vikuu alivyoviongoza vikiwa vimebakisha wiki chache kumalizika barani Ulaya.

Madaktari wa wakati huo hawakuwa na silaha. Walimpunguzia chumvi, sigara na kazi, wakampa dawa za kumtuliza, basi. Kuna waliofundisha hata kwamba shinikizo la juu ni msaada ambao mwili uliozeeka unahitaji ili damu ifike kila mahali, na kulishusha ni kumdhuru mgonjwa.

Imani hiyo ilivunjwa rasmi mwaka 1967. Hospitali za wanajeshi wastaafu nchini Marekani ziliwagawa wanaume 143 waliokuwa na shinikizo la juu mno katika makundi mawili: 73 walipewa dawa na 70 wakapewa tembe zisizokuwa na kitu. Jaribio lilikatizwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno. Katika kundi lisilopewa dawa, watu 27 walikuwa wamepatwa na madhara makubwa na wanne walikuwa wamefariki. Katika kundi la dawa, walioathiriwa vibaya walikuwa wawili, na hakuna aliyekufa.

Kinachosababisha maradhi haya kwa wagonjwa walio wengi si kitu kimoja kinachoweza kunyooshewa kidole. Kwa wachache, hasa vijana, huwa kuna chanzo mahususi kama ugonjwa wa figo au wa tezi, na ndiposa kijana wa miaka 25 mwenye shinikizo la juu anastahili kuchunguzwa zaidi badala ya kupewa tembe tu. Kwa wengine wote ni mchanganyiko wa umri, nasaba, uzani, pombe, kutofanya mazoezi na, juu ya yote hayo, chumvi.

Kuhusu hilo la mwisho, Kenya imechangia elimu ya dunia. Katika miaka ya themanini, watafiti akiwemo Neil Poulter wa Uingereza waliwafuatilia vijana wa jamii ya Waluo waliohama kutoka mashambani kando ya Ziwa Victoria kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la madaktari wa Uingereza. Katika miezi ya mwanzo tu baada ya kufika jijini, shinikizo la damu la wahamiaji lilikuwa limepita la waliobaki. Mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi na potasiamu pungufu, ishara kwamba chakula kilikuwa kimebadilika: chumvi imeongezeka, mboga na matunda yamepungua. Hawakuwa wazee wala matajiri wanene. Walikuwa vijana, wenye damu ya ukoo ule ule na wale waliowaacha kijijini, tofauti yao ikiwa ni safari moja ya basi.

Yafaa utafiti huo ukumbukwe kila mara mtu anaposema kwamba maradhi haya ni ya kurithi na hivyo hayaepukiki, au kwamba ni ya wakwasi. Ikumbukwe pia kuwa Nairobi ya leo imefika kijijini. Mkate, chipsi, soseji na viungo vya mchuzi vya pakiti vinapatikana hata kwenye kioski cha mwisho kabla ya mto.

WHO inapendekeza mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa ile ya jikoni pamoja na iliyofichwa katika vyakula vya kununuliwa. Anayekula nyama choma na kuichovya kila kipande kwenye kile kichuguu cha chumvi kando ya ubao anaweza kuipita kabla hajaagiza kinywaji. Magadi yanayotumiwa kulainisha mboga za kienyeji na maharagwe nayo yana sodiamu, ingawa wengi hawayahesabu kuwa chumvi. Jambo la kutia moyo ni kwamba ugali wenyewe haupikwi kwa chumvi, na sukuma wiki, maharagwe, ndizi, viazi vitamu na parachichi vina potasiamu tele ambayo husaidia kushusha shinikizo. Wenye ugonjwa wa figo tu ndio wanaopaswa kumuuliza daktari kabla ya kuongeza vyakula hivyo.

Uzani nao una hesabu yake: kwa wastani, kila kilo moja anayopunguza mtu mnene hushusha shinikizo kwa takriban milimita moja. Kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku, siku tano kwa juma, hutosha kuwa mazoezi. Pombe nyingi hupandisha shinikizo, na miraa pia. Sigara huipandisha nambari kwa muda mfupi tu, lakini huharibu kuta zilezile za mishipa ambazo shinikizo linaziharibu, na wawili hao wakikutana hali huwa mbaya kuliko jumla yao.

Vipi kuhusu mawazo na wasiwasi? Hasira au hofu hupandisha shinikizo kwa dakika au saa kadhaa, kisha hushuka. Hata kumwona muuguzi aliyevalia koti jeupe hutosha kulipandisha kwa baadhi ya watu. Hivyo basi kipimo kimoja kilichochukuliwa mtu akiwa ametoka kupigana na utingo wa matatu hakistahili kuwa hukumu.

Namna ya kupima ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mtu anapaswa kuketi kimya kwa dakika tano, mgongo ukiwa umeegemezwa, miguu ikiwa sakafuni bila kukunjwa nne. Mkanda hufungwa kwenye mkono usiofunikwa na nguo, mkono ukiwa umelazwa mezani usawa wa moyo. Asiwe amekunywa kahawa wala kuvuta sigara katika nusu saa iliyotangulia, asiwe na haja ndogo iliyombana, na asizungumze. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huleta nambari ya uongo ya juu. Hupimwa mara mbili, kwa kupishanisha dakika moja au mbili. Anayepimwa akiwa amesimama kwenye foleni akipiga soga ana haki ya kuomba arudiwe.

Kupimwa kwenyewe si jambo la gharama tena. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba, na miongoni mwa vifaa walivyopewa mikobani ni mashine ya kupimia shinikizo la damu. Pengo linaloendelea kuwaumiza watu ni la baada ya kipimo: aliyeambiwa ana 160 kwa 100 akaenda zahanati akakuta dawa zimekwisha, akaambiwa anunue, akanunua za mwezi mmoja, na habari yake ikaishia hapo.

Kuhusu dawa zenyewe, wapo wanaoshangaa mbona jirani amepewa tembe tofauti na zao. Dawa hizi hufanya kazi kwa njia mbalimbali. Nyingine huufanya mwili utoe chumvi na maji kupitia mkojo, nyingine hulegeza kuta za mishipa kama ifanyavyo amlodipini, na nyingine, mathalani enalaprili na losatani, huzuia kemikali za mwilini zinazoifinya. Utafiti uliofanywa katika mataifa sita ya Afrika, Kenya ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa kwa wagonjwa Waafrika mchanganyiko wa dawa mbili wenye amlodipini ndani yake hushusha shinikizo vyema kuliko ule usiokuwa nayo. Wagonjwa wengi huhitaji zaidi ya aina moja, na kuongezewa ya pili si ishara kwamba ugonjwa umeshindikana.

Maudhi yapo na hayafai kufichwa. Amlodipini huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichosikia dawa ya kifua. Baadhi ya dawa huweza kupunguza nguvu za kiume, na wanaume wengi huziacha kwa sababu hii huku wakimwambia daktari kwamba wamezisahau nyumbani. Yote haya yana tiba, nayo ni kubadilishiwa dawa. Daktari asiyeambiwa hawezi kubadilisha kitu.

Anayeacha kwa sababu kipimo kimerudi 125 kwa 80 anafanya kosa la kimantiki. Nambari hiyo ni kazi ya dawa. Paa halivuji kwa kuwa mabati yapo. Hakuna aezuaye mabati kwa kuwa sakafu imekauka. Wapo wachache ambao, baada ya kupunguza uzani na chumvi kwa kiasi kikubwa, daktari huwapunguzia dawa na hata kuwaondolea, lakini hufanya hivyo hatua kwa hatua huku akiwapima.

Kitunguu saumu na mitishamba mingine havijathibitishwa kuweza kushika nafasi ya tembe. Na kuna adui anayeingia kwa mlango wa nyuma: dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, zinazonunuliwa ovyo kwa ajili ya mgongo na magoti, huweza kupandisha shinikizo, kudhoofisha kazi ya dawa zake na kuziumiza figo. Mgonjwa wa shinikizo aliyezoea kuzimeza kila jioni anafaa kumfahamisha daktari wake.

Wanawake wajawazito wana kadhia yao. Shinikizo linalopanda baada ya wiki ya 20 ya mimba, hasa likiandamana na protini kwenye mkojo, ni dalili ya hali inayoweza kuishia katika kifafa cha mimba, ambacho huua mama na mtoto. Hii ndiyo sababu mkono hufungwa mkanda kila siku ya kliniki, hata kwa msichana wa miaka 19 asiye na historia ya ugonjwa wowote. Kichwa kuuma sana, macho kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia na uso kuvimba ghafla ni mambo ya kumkimbiza hospitalini usiku huohuo. Enalaprili, losatani na dawa za ukoo wao humdhuru mtoto tumboni, hivyo mwanamke anayezitumia na anatarajia kupata mimba hubadilishiwa mapema.

Familia nyingi sasa zina mashine ya kupimia nyumbani, na ile ya kufungwa mkononi juu ya kiwiko ni ya kuaminika kuliko ya kifundo cha mkono. Swali linaloulizwa mno ni la kufanya ikionyesha 180 kwa 120 au zaidi. Ikiwa mtu hana dalili yoyote, aketi, atulie, kisha apimwe tena baada ya dakika chache. Ikiwa bado iko hapo, aende kituo cha afya siku hiyo. Asimeze tembe tatu kwa mpigo wala kuazima za jirani, kwani shinikizo linaloporomoshwa ghafla hunyima ubongo damu na laweza kuleta kile kiharusi kinachokimbiwa.

Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, macho kutoona ghafla, uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu au maneno kutoeleweka, hakuna kungoja nambari ya pili. Mgonjwa asipewe chakula wala maji, maana koo huenda limelegea naye akapaliwa. Apelekwe moja kwa moja kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupiga picha ya ubongo. Wanaomsindikiza wakumbuke ni saa ngapi alionekana mara ya mwisho akiwa mzima, kwani dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa tu ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kianze, na hilo ndilo swali watakaloulizwa mlangoni.